Nyuma ya Mlima Meru: Oldonyo Sambu na Swali la Jalala

Msafiri atokaye mjini Arusha kwa barabara ya Namanga huuacha mji polepole. Hupita Sakina, penye maduka na gereji zilizobanana, kisha Ngaramtoni, ambako siku ya gulio ndizi, maharage na mbuzi hugombea nafasi na magari. Baadaye msitu wa kupandwa wa Olmotonyi humfunika kwa kivuli chake, na hewa huwa baridi. Mkono wa kuume umesimama Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,560, wa pili kwa ukubwa katika Tanzania. Mkono wa kushoto ni milima ya Monduli. Halafu, bila kutangaza, kijani hupungua, upepo huzidi, na msafiri hujikuta Oldonyo Sambu.

Oldonyo, kwa lugha ya Kimaasai, ni mlima. Sambu ni neno la wafugaji, lielezalo ng'ombe mwenye rangi zilizochanganyika. Jina hilo hulifahamu vizuri mtu aliyesimama hapo jioni, wakati jua linapoyapaka mabonde na vilima kahawia, kijivu na wekundu. Mvua itokayo Bahari ya Hindi huishia zaidi kusini na mashariki mwa mlima. Huku nyuma yafika masalio. Hata hivyo watu wa hapa, wengi wao Waarusha, hulima mahindi na maharage, huchunga ng'ombe na mbuzi, na huishi katika maboma yaliyotawanyika hadi yanakoanza mbuga za Longido.

Mgeni akikutana na watoto watokao shule, jambo la kwanza atakaloliona ni adabu yao. Huinamisha vichwa mbele ya mkubwa, nao hungoja aguse utosi wao kwa kiganja. Ndiyo salamu yao. Jambo la pili huliona wanapotabasamu: meno ya wengi yana madoa ya kahawia.

Madoa hayo hayaletwi na uchafu. Mlima Meru ni volkano, na miamba yake hutia madini ya floridi katika chemchemi na visima. Floridi kidogo huimarisha meno. Ikizidi kwa miaka mingi huyaharibu, na baadhi ya watu huipinda hata mifupa. Magadi yanayotumika kulainishia chakula huongeza kiasi hicho. Mwaka 1974 nchi yetu iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita, kwa sababu sehemu nyingi hazikuwa na maji mengine. Baadaye kiwango kilishushwa hadi 4, na sasa ni 1.5, sawa na kile kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Lakini kushusha tarakimu katika karatasi ni rahisi kuliko kuifikisha bomba safi katika kila boma.

Naanza na maji kwa sababu mazungumzo ya jalala, popote duniani, hatimaye huwa mazungumzo ya maji. Taka zikirundikwa bila utaratibu, mvua huzipenya na kutoka chini yake maji meusi yenye sumu za betri, rangi na dawa. Maji hayo hutafuta njia kuelekea kisimani. Juu ya lundo upepo huchukua moshi na karatasi, na mbuzi hula asichokijua. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini plastiki za namna nyingine bado tunazo tele.

Ieleweke kwamba sisemi jalala limepangwa kujengwa Oldonyo Sambu. Nasema tu kwamba mahali pa namna hii ndipo macho ya wapangaji wa miji hupenda kutua. Katika ramani huonekana peupe: nyumba chache, ardhi kavu, barabara nzuri ya lami. Ramani haionyeshi mtoto aliyeinamisha kichwa. Na mji wa Arusha unakua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji; ile ya 2022 ikakuta 617,631. Taka zao hupelekwa Muriet, kusini mwa mji, sehemu ambayo zamani ilikuwa pembezoni na leo nyumba zinaongezeka kila mwaka. Mji ukilifikia jalala, swali la pa kulihamishia halikwepeki.

Dar es Salaam walikwisha lipitia swali hilo. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, waliochoshwa na moshi, nzi na harufu, waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu. Haki za raia zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, miongoni mwao haki ya kuishi iliyo katika ibara ya 14. Jaji Lugakingira aliona kwamba kumvutisha mtu hewa yenye sumu ni kuyahatarisha maisha yake. Halmashauri ilipoomba iendelee kulitumia jalala hilo, alistaajabu kuona chombo cha umma kikija mahakamani kutafuta kibali cha kuchafua mazingira ya watu. Jalala likaelekezwa Kunduchi Mtongani, eneo lililotengwa kwa makazi. Huko nako, mwaka 1991, mamia ya wakazi walikwenda mahakamani wakashinda. Baadaye taka zikapelekwa Vingunguti, na miaka iliyofuata Pugu Kinyamwezi.

Kisa hicho kina mafunzo mawili. La kwanza latia moyo: raia wa kawaida aweza kusikilizwa. La pili lauma: jalala lililokataliwa halipotei, bali hutafuta jirani mwingine, na mara nyingi humpata asiyejua njia ya kwenda mahakamani.

Gharama ya kukosea tunaiona kwa majirani zetu. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilichapisha uchunguzi kuhusu jalala la Dandora, Nairobi, lililo karibu na makazi na shule. Walipimwa watoto 328. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kufikia au kupita kiwango kilichokubalika wakati huo. Risasi hudhoofisha akili ya mtoto anayekua. Hivyo mtoto huketi darasani, mwalimu hufundisha, na jalala lililo ng'ambo ya ukuta hufuta.

Watu wa mlima huu si wageni wa kudai kusikilizwa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York kuueleza Umoja wa Mataifa madhila hayo. Hakurudi na ardhi mkononi, ila dunia ilikuwa imesikia.

Leo hatuhitaji kwenda New York. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi ya namna hii ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi watoe maoni yao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 huupa mkutano mkuu wa kijiji sauti pale ardhi yake inapotakiwa kwa shughuli nyingine. Mikutano hiyo ina maana ikiwa tu wananchi wanahudhuria, na wataalamu wanazungumza lugha inayoeleweka, wakieleza umbali wa shule, kina cha kisima na mwelekeo wa upepo.

Nasi wa mjini tunao wajibu. Sehemu kubwa ya taka za nyumba zetu ni maganda, majani na mabaki ya chakula, vitu ambavyo vikitengwa huwa mbolea. Kila ndoo tunayoipunguza ni ndoo ambayo hatutamwomba mtu mwingine aishi nayo.

Floridi iliwekwa na mlima, na hakuna aliyeulizwa. Jalala huwekwa na watu, nao waweza kuuliza kwanza. Basi la kurudi mjini lilipofika, watoto waliokuwa kando ya barabara waliinamisha vichwa tena. Nikawagusa mmoja mmoja, nikapanda.