Taa ya njano



Wapendwa Taifa la Mungu, masika yanapofika hapa Kimandolu, njia zetu za ndani zinazopanda kutoka barabara ya Moshi hugeuka utelezi mtupu. Ndipo wengi wetu huiona katika dashibodi taa ndogo ya njano, yenye picha ya gari na alama za tairi zilizopinda nyuma yake. Wako wanaoiogopa bure, na wako wanaoipuuza kwa hatari yao.

Kila gurudumu lina kifaa cha kupima mwendo wake, ambacho mafundi hukiita sensa. Gurudumu linalosukumwa na injini likianza kuzunguka upesi kuliko mengine, kompyuta ya gari hutambua kwamba linateleza. Hapo hulikamata kwa breki, au hupunguza nguvu ya injini, hata tairi lishike tena ardhi. Wakati huo taa huwaka na kuzimika upesi upesi. Hilo si tangazo la ubovu: msaada umo kazini, naye dereva yampasa apunguze mafuta aende taratibu.

Taa ikiwaka mfululizo, habari ni nyingine. Huenda msaada umezimwa kwa kitufe, au sensa imeziba matope, au waya wake umekatika. Gari litaendelea kwenda vizuri tu, na hapo ndipo tunapozoea. Lakini siku ya kuteleza, pamoja na watoto waliopakiwa nyuma, dereva atakuwa peke yake.

Kuna hali ya tatu, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Ufunguo ukizungushwa, taa hiyo hutakiwa kuwaka kidogo kisha izimike, ili ithibitishe kwamba ni nzima. Anayenunua gari lililotumika aiangalie. Isipowaka kabisa, yawezekana mtu ameing'oa ili kuficha ubovu.

Wapendwa, dhamiri nayo ina hali hizo tatu. Tukisutwa mara tu baada ya kumtolea mwenzi wa ndoa neno kali, tusidhani Mungu ametuacha. Ndiye anayetushika tusianguke. Tukisutwa mwaka mzima kwa deni tusilolipa au ndugu tusiyesalimiana naye, tusizoee. Tuutafute upatanisho kabla ya utelezi. Nasi tusiposutwa kamwe na lolote, tusijisifu kuwa watakatifu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ulituonya kwamba mazoea ya dhambi huweza kuifanya dhamiri iwe karibu kipofu, kidogo kidogo.

Basi juma hili, kila jioni kabla ya kulala, tujichunguze: je, taa yetu bado inawaka? Anayeiona ikiwaka mfululizo asikawie kuiendea Sakramenti ya Kitubio. Na mwenye gari asikawie kumwendea fundi, kwa maana kulinda uhai wa abiria nako ni kuishika amri ya tano.

Mungu awabariki nyote.