Bloku Isiyo na Mtoto

Niliitwa Nkoaranga kwa sababu ya shilingi laki mbili na ishirini ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzishika. Ilikuwa Februari 2023. Mdogo wangu, mtoto wa baba mkubwa, alipiga simu akaongea kwa sauti ya chini kama mtu aliye msibani. Alisema kompyuta yake imepata, lakini kilichopatikana hakipo. Halafu akataja jina la kijana mmoja fundi simu wa Usa River, na kwamba Baba Mkubwa anataka ampeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji, na mwenyekiti akishindwa, polisi.

Mimi nafundisha kompyuta kwenye chuo kimoja cha mjini. Kwa ukoo wetu hiyo inatosha kunifanya daktari wa kila kitu chenye waya. Jumamosi nikapanda daladala hadi Usa River, nikachukua bodaboda kupanda mlima, tukapita hospitali ya Walutheri, tukaingia kwenye migomba. Njiani nilikuwa nawaza juu ya yule fundi zaidi ya fedha. Kijijini mtu akishaitwa mwizi, hata ukimsafisha, watu wanaendelea kushika mifuko yao anapopita.

Niwaeleze kwanza mdogo wangu alikuwa anafanya nini, maana hata majirani zake walidhani anacheza kamari. Alikuwa anachimba Monero. Hii ni sarafu ya kidijitali iliyoanza 2014, na tofauti na Bitcoin, ambayo siku hizi huchimbwa kwa mashine maalumu za bei mbaya, Monero tangu mwishoni mwa 2019 inatumia hesabu zilizotungwa makusudi ili kompyuta ya kawaida iweze kushindana. Kila baada ya dakika mbili hivi, mtu mmoja au kundi moja duniani hupata jibu la fumbo la wakati huo, huongeza bloku moja ya miamala kwenye mnyororo, na hulipwa 0.6 ya sarafu hiyo pamoja na ada ndogondogo. Kwa bei ya mwezi ule ndiyo hiyo laki mbili na ishirini.

Wengi huchimba kwa kuchangia nguvu na kugawana. Mdogo wangu alichimba peke yake. Mchimba pekee hapati chochote, hapati chochote, hapati chochote, kisha siku moja anapata bloku nzima. Nilimpigia hesabu zamani: kompyuta yake inajaribu kama mara elfu saba kwa sekunde, wakati mtandao mzima unajaribu mara bilioni mbili na nusu. Aliiwasha usiku tu, saa kumi hivi, kwa ajili ya bei ya bando la usiku na kwa sababu mchana Mama Mkubwa hakutaka kusikia feni ikivuma. Kwa mwendo huo, wastani wa kupata bloku moja ni zaidi ya miaka mitatu. Yeye aliipata mwezi wa saba.

Kompyuta ilinunuliwa kwa fedha ya ng'ombe. Baba Mkubwa aliuza dume, na sharti lake lilikuwa moja: bloku ya kwanza ni ada ya binti wa mwisho. Kwa hiyo asubuhi ile mdogo wangu alipoona kwenye kioo mstari unaosema bloku imepatikana, habari haikukaa chumbani. Ilifika kwa mama, kwa baba, kwa binti mwenyewe. Siku ya pili pochi ilisoma sifuri. Siku ya nne ilisoma sifuri. Na aliyewatengenezea pochi ile, aliyekaa pale mezani na kuyaona maneno yake 25 ya siri yakiandikwa kwenye daftari, alikuwa yule fundi.

Lazima niseme kuwa shtaka halikuwa la kijinga. Mwenye maneno 25 ndiye mwenye pochi. Hakuna benki ya kupiga simu, na Benki Kuu ilishatoa tahadhari Novemba 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini, kwa hiyo hata polisi sijui wangeandika nini kwenye kitabu chao. Kama ingekuwa Bitcoin, tungetazama anwani hadharani tuone kama kuna kilichoingia na kilichotoka. Monero imejengwa kuficha hayo. Aliye nje haoni kitu.

"Shikamoo Baba Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutazama kompyuta au kumtetea mtu?"

"Nimekuja kutazama."

"Haya. Tazama."

Aliweka kiti mlangoni akakaa, fimbo magotini, mtu ambaye ameamua kushuhudia kila kitu hata asipoelewa.

Nilianza na wizi wenyewe, kwa kuwa ndio uliokuwa unamuumiza mtu. Anayeiba kwa maneno 25 anaweza kutoa fedha akiwa popote, lakini hawezi kufuta alama ya kuingia. Pochi yoyote iliyofunguliwa kwa maneno yaleyale itaonyesha kwamba tarehe fulani kiliingia kiasi fulani, kisha kikatoka. Pochi ya mdogo wangu haikuonyesha kutoka wala kuingia. Nilimwambia Baba Mkubwa hivyo. Akatikisa kichwa akasema, "Labda haioni vizuri." Na kwa kweli hapo alikuwa amegusa jambo. Pochi hupewa namba ya bloku ya kuanzia kusoma; ikipewa namba iliyo mbele mno, inaruka yote ya nyuma na kukuapia kuwa huna kitu. Tukaiagiza isome upya tangu mbali. Ilichukua muda wa kunywa chai vikombe viwili na kula ndizi za kuchemsha. Sifuri.

Anwani, nayo tukaikagua. Anwani kuu ya Monero ina herufi na tarakimu 95 na huanza na 4. Tulisoma zote kwa zamu, mdogo wangu kwenye mpangilio wa programu ya kuchimba, mimi kwenye pochi, kama watoto wanaoitikia. Zilifanana hadi ya mwisho. Kuhusu kusubiri: zawadi ya bloku hufungwa hadi bloku nyingine 60 zipite, yaani kama saa mbili, lakini hata ikiwa imefungwa huonekana, na zilishapita siku nne. Nikaacha hilo.

Ikabaki nodi. Hii ni programu inayotunza nakala ya mnyororo wote na kuzungumza na nodi nyingine duniani. Nakala kamili mwaka ule ilizidi gigabaiti 150. Mdogo wangu alitumia iliyopogolewa, ya theluthi moja, na hata hiyo aliipakua mjini kwenye intaneti ya rafiki na kuibeba na diski kupanda nayo huku. Nodi huandika kila inachofanya katika faili la kumbukumbu, na watu wengi hawalifungui mpaka siku ya matatizo. Nililifungua, nikatafuta usiku ule.

Saa nane na dakika arobaini usiku: bloku imepatikana. Mstari ulikuwepo, na namba yake. Mdogo wangu akaninyooshea kidole kwenye kioo, "Si unaona?" Nikaona. Lakini sekunde chache chini yake kulikuwa na mstari mwingine, kwa herufi kubwa, kwamba bloku nyingine yenye namba ileile ya mpangilio imepokelewa kutoka nje na kuwekwa kando kama mbadala. Dakika mbili zikapita. Kisha mstari wa tatu: mnyororo umepangwa upya. Nikaiuliza nodi inionyeshe bloku ya namba ile iliyomo kwenye mnyororo mkuu leo. Alama yake ya utambulisho haikuwa ya kwetu. Nikaiomba iorodheshe minyororo mbadala. Ya kwetu ilikuwa pale, imelala peke yake, urefu wake moja.

Kilichotokea ni hiki. Watu wawili, mmoja Nkoaranga na mwingine sijui wapi, walipata jibu karibu kwa wakati mmoja. Kila mmoja alipiga kelele kuwaambia jirani zake. Wa kwetu alikuwa anapiga kelele kupitia simu iliyowekwa dirishani ili ipate mtandao, yenye spidi ya kupandisha data ambayo ukituma video ya harusi unaweza kwenda kukamua ng'ombe ukarudi. Nodi nyingi ziliisikia ya mwenzake kwanza. Aliyepata bloku iliyofuata alijenga juu ya ile nyingine, na kanuni ni kwamba mnyororo wenye kazi nyingi zaidi ndio wa kweli. Nodi yetu yenyewe, ikiwa mezani kwa mdogo wangu, iliiacha bloku yetu na kuhamia huko. Programu haina upendeleo wa nyumbani.

Kiingereza huita bloku kama hiyo yatima. Sikubaliani na neno hilo. Bloku ile inaye mzazi, ni ileile bloku iliyotangulia ambayo washindani wote wawili waliishika. Isichokuwa nacho ni mtoto. Hakuna aliyejenga juu yake.

Kumweleza mdogo wangu ilikuwa rahisi. Alielewa kabla sijamaliza na akatoka nje. Kwa Baba Mkubwa nilijaribu mara mbili nikashindwa. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Wewe unasema watu wawili wamefungulia mfereji usiku mmoja."

Mifereji ya Meru ndiyo iliyomlea. Maji yanateremka mlimani kwa zamu, na yeye amekaa miaka mingi kwenye kamati ya mfereji.

"Kila mmoja anaona maji yameanza kuingia shambani kwake. Kila mmoja anasema ni zamu yangu. Lakini huku juu watu wameshaziba upande mmoja. Asubuhi mmoja ana shamba limeloa, mwingine ana tope la hatua tatu."

"Ndiyo, Baba Mkubwa."

"Na huyu wa hatua tatu hajaibiwa."

"Hajaibiwa."

Akakaa kimya. Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa tangu asubuhi. "Hiyo miezi saba inahesabiwa? Kwamba sasa amekaribia?"

Baba Mkubwa ni mtu wa kahawa. Anajua malipo ya kwanza, malipo ya pili, na majaliwa mwishoni kama soko limekaa vizuri. Kwake, kuchelewa si kukosa. Uliyopeleka ghalani imeandikwa mahali, na iko siku jina lako litasomwa. Ilibidi nimwambie kwamba huku hakuna daftari. Kila jaribio ni jipya. Mashine iliyojaribu miezi saba na iliyowashwa jana zina nafasi sawa usiku wa leo. Umeme uliokwisha umekwisha. Alinitazama muda mrefu, na nadhani pale ndipo alipoiaga ile dume.

Mimi msimamo wangu juu ya uchimbaji wa namna hii ninao. Hifadhi ya Virunga, huko Kongo, ilianza kuchimba Bitcoin 2020 kwenye kituo chake cha umeme wa maji cha Luviro, na hesabu yake inaeleweka: wana umeme ambao hauna mteja wa kutosha, na mashine zinakwenda uliko. Nyumbani kwa baba mkubwa umeme unanunuliwa kwa tokeni, na mwenye matumizi madogo akivuka uniti 75 kwa mwezi anaiacha bei ya chini. Kompyuta ile ilikula zaidi ya uniti moja kila usiku. Nilimwambia mdogo wangu ajiunge na mfumo wa kuchimba kwa ushirika ambao hauna mtu wa kati anayeshika fedha, upo kwenye Monero tangu 2021, apate kidogokidogo kinachoonekana. Alisema atafikiria. Anapenda bloku nzima. Kuna watu wa namna hiyo na sidhani kama hesabu zinawatibu.

Jioni ile ile Baba Mkubwa alivaa koti. Hakutaka mtu apige simu. Tulishuka naye Usa River kwa bodaboda mbili, yeye na mkungu wa ndizi mbele, mimi nyuma. Fundi alikuwa anafunga kibanda chake. Alipomwona mzee alisimama wima, mikono nyuma, na nikaelewa kuwa habari zilishamfikia siku nyingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nilikusema vibaya," Baba Mkubwa akasema. "Nimesema kwangu, nimesema na kwa watu wawili wengine. Kesho nitawafuata nao."

Kijana alipokea ndizi. Hakusema hamna shida, kama tunavyosema wote. Alisema ana ombi: pochi ile ifutwe, itengenezwe nyingine yenye maneno mengine, na yeye asiyaone.

Jumapili baada ya ibada alipanda Nkoaranga. Mdogo wangu alikaa mezani na daftari jipya. Fundi alisimama nje ya dirisha, kando ya ile simu ya mtandao, akimwelekeza bonyeza hapa, sasa bonyeza pale. Maneno yalipotokea kwenye kioo akageuka akatazama migomba, na akabaki hivyo mpaka mdogo wangu aliposema ameandika la 25 na amefunga daftari.