Kupanda Baisikeli Pasipo Kushikiwa

Mtu akikuambia kwamba ajua baisikeli, usimwulize amefika wapi nayo, mwulize hupandaje. Katika nchi yetu ya Turwa wako watu wazima waendeshao vizuri sana, washukao kilima na gunia la mahindi nyuma yao bila hofu. Walakini umsimamishe mmoja wao njiani ili umsalimu, nawe utamwona baada ya kuagana akiikokota baisikeli yake hatua mia, huku macho yakitafuta jiwe. Akipata jiwe, au kichuguu, au gogo, huweka mguu mmoja juu yake, hukaa juu ya kiti, kisha hujisukuma akaenda zake. Pasipo jiwe hana safari. Ni heri kwake kwamba Mungu aliijaza mawe nchi hii.

Sababu yake ni namna watu wafundishwavyo. Mwanafunzi huketishwa juu ya baisikeli, na kaka yake hushika keria nyuma akakimbia naye uwanjani, hata siku moja akamwachia kwa siri. Basi huyo amejua kuendesha. Lakini kupanda hakupanda, alipandishwa. Hizo ni elimu mbili, na ya pili hakuna aliyemfundisha.

Tena iko ajabu hii. Mtoto mdogo asiye na wa kumshika huiiba baisikeli ya baba yake wakati wa mchana, na kwa kuwa hakifikii kiti, hupenyeza mguu wake wa kuume chini ya chuma cha juu, akaenda upande upande kama kaa. Twamcheka. Kumbe ndiye ajuaye kupanda, maana yeye hakupata jiwe wala kaka. Alisukuma kwanza, akarukia baadaye. Sisi wenyewe tulijifunza hivyo, na kovu la goti lingalipo.

Jambo hili si la Turwa tu. Bwana Karl Drais wa Ujerumani alipotengeneza mwaka 1817 chombo chake cha magurudumu mawili, hakukuwa na shida ya kupanda, kwa kuwa mtu alikisukuma kwa miguu yake akikanyaga ardhi. Shida ilikuja katika miaka ya 1870, watu wa Ulaya walipofanya gurudumu la mbele kubwa kufikia kifua cha mtu, na la nyuma dogo kama sinia. Aliyekaa juu yake hakuweza kugusa chini. Basi wakatia kidato kidogo cha chuma juu ya gurudumu la nyuma: mtu alishika usukani kutoka nyuma, akaweka mguu wa kushoto juu ya kidato, akarukaruka kwa wa kuume hata chombo kikashika mwendo, ndipo akajiinua na kukirukia kiti. Mwaka 1885 Bwana John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, akatoa baisikeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu karibu sawa na mnyororo wa kuzungusha la nyuma, na hizi zetu zote ni wajukuu zake. Kiti kikashuka, lakini desturi ya kusukuma kwanza na kukaa baadaye ikabaki.

Nayo ina maana yake. Baisikeli iliyosimama huanguka, na iendayo husimama. Ikienda, ikaanza kulala upande mmoja, mwendeshaji hugeuza usukani kidogo upande ule ule, na magurudumu huja tena chini ya uzito wake. Hufanya hivyo mara nyingi pasipo kujijua. Ikiwa haiendi, kugeuza usukani hakufai kitu. Kwa hiyo atakaye kukaa kwanza ndipo atafute mwendo, hana budi kushikiwa na mtu au na jiwe. (Wachezaji wa sarakasi wapandao gurudumu moja wana njia nyingine: hubana kiti mapajani, huvuta pedeli moja nyuma, huikanyaga kwa wepesi, na gurudumu hurudi chini yao wakiinuka. Akiikanyaga kwa nguvu humponyoka. Hata hao huanza kwa kushika ukuta, na kuuacha ukuta ndiko kuwatoako jasho.)

Sasa tueleze habari ya binti mmoja, maana ndiye aliyetufanya tuyafikiri hayo. Alimaliza darasa la saba katika shule yetu, akachaguliwa kwenda sekondari, na shule yenyewe iko mbali na kwao kilometa tisa. Tangu Januari 2016 serikali iliondoa ada katika sekondari zake hata kidato cha nne, umbali haukuondolewa. Wasichana wengine hupangishiwa vyumba karibu na shule, na wasomaji wenye mabinti wajua kwa nini baba yake hakutaka hilo. Nyumbani ilikuwako baisikeli, aina ya Phoenix, nzito, yenye chuma cha juu. Binti alijua kuiendesha kwa kushikiwa na kaka zake. Tulipomwendea baba yake kumwombea, alinyamaza kitambo, akasema, "Mwalimu, kaka zake hawatakuwako huko njiani. Mnyororo ukikatika, au akishuka kupisha ng'ombe, ni nani atakayemshikia apande? Mwanamume gani? Akijua kupanda peke yake, aende. Asipojua, akae."

Tukamwambia, "Vema, mzee, utupe mwezi mmoja."

Wako waliosema kwamba mzee huyo alikuwa mgumu. Sisi hatukuona hivyo. Aliona shida yenyewe mahali pake hasa, kuliko wengi wanaotoa baisikeli na kudhani wamekwisha kusaidia.

Basi kila jioni tukawa uwanjani, na shangazi yake akatumwa akae kando aone. Siku za kwanza hatukumruhusu kupanda. Alitembea tu upande wa kushoto wa baisikeli akiisukuma, kiti kikimgusa kiunoni, hata akaijua tabia yake. Kisha aliweka mguu wa kushoto juu ya pedeli iliyo chini, akasukuma ardhi kwa wa kuume, mara moja, mara mbili, mara tatu, akashuka. Hapo ndipo alipoanguka sana, na sababu tuliiona polepole: alitaka baisikeli isimame wima, na haiwezi, maana uzito wake wote uko upande wa kushoto. Sharti ilale kidogo upande wa kuume, mbali naye, ndipo uzito ulingane. Tena alitazama miguu. Tukamwonyesha mwembe ulio mwisho wa uwanja, tukamwambia autazame huo, na miguu itajijua.

Juma la pili aliweza kusimama juu ya pedeli moja hata mwendo ukaisha. Ikabaki kuvusha mguu. Sketi ya shule ilinasa katika kiti, akaanguka na baisikeli juu yake, akalia kwa hasira zaidi ya maumivu. Tulikuwa hatuna dawa. Shangazi ndiye aliyeinuka, akasema, "Tukivuka mto twakunja nguo. Na huu si mto?" Kesho yake binti akaja na bukta ndani, na sketi imefungwa vizuri pembeni.

Siku ile ya kulia tulimsimulia habari za Bibi Frances Willard, Mmarekani, aliyekuwa mkuu wa chama kikubwa cha wanawake Wakristo cha kupinga ulevi. Alijifunza baisikeli Uingereza akiwa mtu mzima, mwenye kuvaa nguo ndefu, kwa muda wa miezi mitatu hivi, kama robo saa kila siku. Mwaka 1895 akatoa kitabu kidogo juu yake. Marafiki walikuwa wakisimama karibu naye kila apandapo, hata wasipomgusa. Na siku aliyoihesabu kuwa kubwa ni tarehe 20 Januari, alipopanda na kuondoka peke yake. Shangazi akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi?" Tukamjibu kwamba alianza akiwa na miaka 53. Hakusema neno.

Siku ya kumi na tisa binti akavusha mguu, akakaa, akauzunguka mwembe, akarudi. Pedeli ya kuume ilikuwa ikimngoja juu, kama tulivyomwambia, kwa sababu ya kushoto ilikuwa chini.

Tulidhani kazi imekwisha. Baba yake akaja kuona, akatazama, akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha akachukua mfuko wa mahindi, debe zima, akaufunga juu ya keria. "Sasa panda." Haikuwezekana, kwa kuwa mguu uliozoea kupita nyuma haukupata njia. Tulikasirika kidogo moyoni, lakini mzee alikuwa na haki: mwanafunzi huchukua vitabu, na arudipo hupitia mashineni na unga. Ikawa kuanza tena, safari hii kukunja goti na kulipitisha mbele, juu ya chuma, huku baisikeli ikienda na mzigo ukiivuta nyuma. Zikapita siku nane nyingine. Siku zote zilikuwa ishirini na saba.

Januari alikwenda shuleni. Huamka kabla ya jua, na wakati wa masika kuna bonde moja ambalo hulivuka kwa miguu, akiibeba baisikeli begani. Ng'ambo yake hakuna jiwe hata moja, ni tope na majani tu. Hapo hupanda.

Na shangazi yake amekuja kwetu Jumapili tatu sasa, alasiri, wakati uwanja hauna watu, na mama watoto wetu humlindia njia. Bado yuko katika kusukuma mara tatu na kushuka. Juzi alituambia tumwondoe yule mbuzi afungwaye penye mwembe, kwa kuwa anamtazama.