Wazee Wasiojikwaa wa Beijing

Mwenda pole hajikwai. Anayetaka kuuona ukweli wa methali hiyo na arauke kwenda bustani ya Tiantan, jijini Beijing, Uchina.

Hekalu la hapo lilijengwa mwaka wa 1420, nao wafalme wakalitumia kuomba mavuno mema. Raia walifunguliwa milango mwaka wa 1918, na siku hizi wenye asubuhi ya Tiantan ni wazee. Ajuza kwa shaibu hujipanga chini ya miti iliyoishi mamia ya miaka, wakacheza taichi polepole kama watu waliomo majini. Goti hukunjwa kidogo, uzito ukahamishwa kutoka mguu huu hadi ule.

Usidhani ni mchezo tu, msomaji. Mazoezi hayo hutia nguvu mapaja na vifundo, hata mzee akiteleza aweze kujizuia. Katika umri huo, kuanguka mara moja kwaweza kuvunja nyonga na kumlaza mtu miezi. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, mwaka wa 2020, liliwashauri waliotimu miaka 65 wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara angalau siku 3 kwa wiki.

Huku kwetu, nyanya akianza kuyumba tunamvutia kiti. Afadhali tumpe mkono, tusimame naye.