Mtalii Asiyesoma

Kitenzi talii tumekipokea kutoka Kiarabu, ambako asili yake ni kusoma na kupitia jambo kwa makini. Ndiyo maana tunalo pia neno mutalaa. Mtalii basi, kwa haki ya neno lenyewe, ni msomaji: wa nchi, wa watu, wa mimea. Nimelitafakari neno hili kila nisikiapo habari za meli kubwa za kitalii zitiazo nanga Unguja. Abiria hushuka asubuhi, huzunguka vichochoro vya Mji Mkongwe, hununua kikoi, na jioni hurudi melini, ambako chakula na kitanda vimekwisha kulipiwa. Mwenye nyumba ya wageni huziona nyuso tu zikipita.

Sisi wa wilaya ya Kilosa hatuna bahari, ila meli tunazo: zetu zinaruka. Uwanja mdogo wa ndege wa Kikoboga umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Mgeni aliyelala ufukweni Unguja hupanda ndege ndogo asubuhi, hupokewa na gari papo hapo, huwatazama tembo, nyati na viboko, hula mchana humohumo hifadhini, na jua likielekea kuchwa amekwisha rudi kisiwani. Mji wa Mikumi hakuukanyaga. Kiingilio amelipa, sikatai, na serikali ina haki yake. Lakini mama lishe wa kando ya barabara kuu, na kijana mwenye vyumba vyake vinne vya kulaza wageni, wameambulia mngurumo angani. Na tembo haohao waliopigwa picha mchana hawajui mpaka wa hifadhi usiku ukiingia. Huyafuata mahindi ya watu shambani. (Wageni wa kweli wa Mikumi, kwa maoni yangu, ni madereva wa malori ya Zambia: hao hula, hulala, na majina ya wenyeji wao wanayajua.)

Methali ya mgeni na jembe huhesabu siku tatu. Huyu wa ndege hafikishi hata usiku mmoja. Napendekeza tumwite mpitaji, na jina la mtalii tumwekee anayekaa.

Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina stesheni Kilosa. Atakayeshuka hapo aelekee Mikumi kwa gari atapita kijiji kiitwacho Ulaya, na kama ametoka Ulaya ile nyingine, mazungumzo yameshapatikana. Akilala mjini, mwenyeji wake atamwambia kwamba mikumi ni miti, ile ambayo watu wa pwani huiita mivumo. Yule wa ndege naye aliipiga picha, akaondoka asijue kwamba amepiga picha ya jina la mahali.