Kabla ya kumpandisha mwanao boti pale Sagana

Likizo ikikaribia, watoto waliochoshwa na bembea za mjini huanza kuulizia Sagana. Wameona video: boti ya mpira inainama, maji yanamwagikia watu usoni, kila mtu anapiga mayowe huku akicheka. Ni mwendo wa kilomita 100 hivi kutoka Nairobi kupitia Thika, kwa hivyo familia huondoka asubuhi na kurudi jioni. Utakuta hapo pia wafanyakazi wa ofisi waliotumwa na mwajiri wakajifunze ushirikiano. Hao waache na mambo yao. Familia ina mahesabu tofauti.

Mto wenyewe ni Tana, mrefu kuliko yote nchini, ukiwa bado karibu na chanzo chake. Maji yake hutoka Mlima Kenya na safu za Aberdare. Waelekezi hupima ukali wa mikondo kwa madaraja, kuanzia 1, yaani maji tulivu yenye viwimbi tu, hadi 6, ambalo hata mabingwa hulikwepa. Kwa hivyo ukipiga simu kuulizia safari, usianze na bei. Uliza watoto watapitishwa sehemu gani ya mto, na sehemu hiyo leo ni ya daraja la ngapi. Nasema leo kwa sababu mvua ikinyesha mlimani usiku, mto hubadilika hata kama Sagana kwenyewe hakujadondoka tone.

Likizo ya Aprili huangukia kwenye masika, mto ukiwa umefura na rangi ya udongo. Agosti maji hupungua lakini baridi ya maeneo ya mlimani haina mzaha, na mtoto mwembamba aliyelowa hupoteza joto haraka kuliko baba yake. Midomo ikianza kubadilika rangi na meno kugongana, mtoe majini, mvue nguo zilizolowa, mfunike blanketi, mpe kinywaji cha moto. Asikudanganye kwamba bado anataka kuendelea.

Kuhusu umri, kampuni nyingi huweka kima chao cha chini, na mzazi asibembeleze wakilegeze. Mtoto wa miaka 6 aende sehemu tulivu, au abaki ukingoni na shangazi yake wakila ndizi. Kijana wa miaka 14 anayesikia maagizo mara moja ni abiria mwema. Wa umri huohuo anayebishana kila jambo, fikiria tena.

Jaketi la kuokoa maisha likague mwenyewe. Mfunge mtoto kamba zote, kisha shika jaketi mabegani na ulivute juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa; omba lingine. Kama hakuna saizi yake, safari yake imeishia hapo, hata kama mmeshalipa. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuzama majini miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya watoto wa umri wa miaka 1 hadi 14, na jaketi linalochomoka halimsaidii mtu. Helmeti nayo isicheze kichwani.

Kabla ya kuingia majini, mwelekezi mzuri atawafundisha nchi kavu: kushika kasia, kuinama, na la kufanya mtu akianguka. Aliyeanguka alale chali, miguu juu ya maji ikitangulia mkondo unakoelekea, asijaribu kusimama. Mguu ukinaswa katikati ya mawe, maji humsukuma mtu na kumzamisha, hata pale ambapo kina ni cha kiunoni. Mwambie mwanao akurudilie maneno hayo. Na kama mwelekezi anayapitia mbiombio huku akitazama saa, bado mna nafasi ya kurudi kwenye gari.

Fomu ya kusaini pia isomeni. Mara nyingi ina swali la magonjwa, na watu huandika "hakuna" ili wasizuiwe. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa moyo na mama mjamzito wasipande. Mwenye pumu azungumze na daktari wake mapema, na kivuta pumzi chake kibebwe na mwelekezi kwenye mfuko usioingia maji, si kuachwa kwenye gari.

Jambo ambalo halitajwi sana ni kichocho. Eneo la Mwea, lililo jirani, linajulikana kwa ugonjwa huo. Konokono wanaoubeba hupenda maji yanayotembea polepole na yenye majani, kwa hivyo hatari zaidi iko kwenye vidimbwi vya ukingoni ambako watoto huchezea baada ya boti kutia nanga kuliko kwenye mikondo mikali. Vimelea hupenya ngozi kwa dakika chache tu, na kujifuta taulo si kinga ya kutegemea.

Kumeza dawa siku inayofuata pia hakusaidii sana, kwa kuwa prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa. Apimwe kati ya wiki 6 na 8 baada ya safari, na mapema zaidi akipata homa, mwasho au damu kwenye choo au mkojo. Mweleze daktari kwamba mtoto aliingia mtoni Sagana, na tarehe aliyoingia.