Chungu cha Ulaya na Mtungi wa Mama Mkubwa

Kuipamba nyumba si vibaya. Hata mtu asiye na kitu hutundika kalenda ukutani na kutandika kitambaa cha kufuma juu ya meza, ili mgeni akiingia aone kwamba humu wanakaa watu. Lakini leo tunataka kuwasimulia jinsi pambo moja lilivyotuaibisha hapa kwetu Lokandu.

Mwaka juzi tulisaidia kusafisha ghala la zamani la misioni. Nyuma ya mabati yaliyoliwa na kutu tukakuta chungu cha rangi ya kahawia, chenye masikio mawili, kizito kama jiwe. Padri mmoja aliyesoma Ufaransa alikitambua mara moja. Akasema ni chungu cha jikoni cha Wafaransa wa zamani, kilichokuja na mizigo ya wamisionari. Kwa kuwa hakuna aliyekitaka, tukapewa sisi.

Padri akatueleza habari zake. Vyungu hivyo vilifinyangwa katika vijiji vyenye udongo mzuri na kuni nyingi. Kule Noron, katika nchi ya Normandy, walifanya vyungu vya kutilia siagi ya chumvi. Kule Betschdorf, katika Alsace, walifanya vya kijivu vyenye maua ya buluu, na humo watu waliweka kabichi kwa chumvi mpaka iwe chachu. Kule Puisaye na La Borne walifanya vya kuwekea mafuta na vyakula vingine. Tanuru lao lilipata joto la digrii 1200 hata 1300, mpaka udongo wenyewe ukashikana kama jiwe. Moto ulipofika kilele, wengine walitupa chumvi ndani ya tanuru. Mvuke wa chumvi hiyo ukaungana na udongo, ukafanya ngozi ya kioo yenye vidoto vidoto kama ganda la chungwa. Chungu cha namna hiyo hakivuji, wala chumvi na uchachu havikili. Kwa hiyo chakula kiliweza kukaa humo majira yote ya baridi.

Baadaye zikaja chupa za bei nafuu, zikaja kopo za bati, mwishoni yakaja mafriji. Vyungu vikatolewa jikoni. Vingine vikawekwa bandani, vingine vikanyweshea kuku. Leo wajukuu wa wale waliovitupa wanavitafuta katika masoko ya vitu vya kale, wanavinunua kwa fedha, na kuviweka juu ya rafu pamoja na miiko ya mti au maua makavu. Hata palipomeguka hapafichwi, maana ndipo panaposhuhudia kwamba chombo kilifanya kazi.

Basi na sisi tukakiweka chungu chetu juu ya kabati, katika chumba cha wageni, tukakitia maua ya plastiki. Kila aliyeuliza tulimjibu kwa majivuno, «Kinatoka Ulaya.» Tukaongeza na habari za safari: kwamba reli ya kutoka Kisangani hata Ubundu ilifunguliwa mwaka 1906, na ile ya Kongolo hata Kindu mwaka 1911, na katikati yake mizigo ilipita mtoni Lualaba, mbele ya Lokandu yetu. Kweli wahenga walisema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Na kwetu chungu kile cha kale kilikuwa kipya.

Sasa sikilizeni. Mama mkubwa, dada wa mama yetu mzazi, ni mfinyanzi. Umri wake umepita miaka sabini, na katika mtaa wetu hakuna mwingine anayejua kazi hiyo. Siku ya ndoa yetu alituletea mtungi wa maji alioufinyanga mwenyewe. Tuliutumia miaka michache. Halafu tukanunua mabidoni ya plastiki, ambayo ni mepesi na hayavunjiki, na mtungi ukatoka nje. Ulikuwa upenuni, nusu umezama ardhini, na kuku walikunywa humo.

Wakati wa Pasaka mama mkubwa alikuja kututembelea. Akauona mtungi upenuni kabla hajapiga hodi. Hakusema neno. Alipoingia akaona chungu juu ya kabati, akaomba tumteremshie. Akayatoa maua, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Akasema, «Aliyefanya hiki aliujua moto.» Akakipapasa ndani na nje kwa heshima, kama fundi anayepokea kazi ya fundi mwenzake. Kisha akauliza, «Kinafanya kazi gani humu, mwanangu?»

Tukajibu, «Ni pambo, mama.»

«Na ule wa kuku?»

Hatukuwa na jibu. Sisi tunaowafundisha watoto habari za mitungi sita ya Kana, mitungi ya kazi iliyojazwa maji mpaka juu, tukatazama chini. Tulikuwa tumeokota walichotupa wajukuu wa Ulaya, na siku zile zile tukatupa cha kwetu.

Usiku ule, karibu na moto, mama mkubwa alitueleza jambo ambalo hatukulijua. Katika vita vilivyoanza mwaka 1998 tulikimbilia porini, sisi tukiwa bado watoto. Mtu hawezi kukimbia na mtungi kichwani. Tulichukua sufuria mbili, tukaviacha vyungu vyote vya bibi yetu. Tuliporudi tulikuta vigae tu. Mama mkubwa aliviokota, akavitwanga kwenye kinu, akavichekecha, akawa anavichanganya na udongo mbichi, maana udongo mtupu hupasuka motoni, bali wenye unga wa vigae hustahimili. «Mtungi wenu,» akasema, «ndani yake mna vyungu vya bibi yenu.»

Kesho yake asubuhi mama wa watoto wetu aliung'oa mtungi upenuni, akausugua kwa majivu, akaumiminia maji ya moto, akauanika juani siku nzima. Sasa uko ndani, juu ya mchanga, penye kivuli. Tunayachemsha maji kwanza, yakipoa tunayatia humo. Kwa kuwa udongo wake haukuchomwa kwa joto la tanuru la Kifaransa, una vitundu vidogo visivyoonekana. Maji kidogo hupenya, hukauka nje, na kwa kukauka huondoa joto la yale yaliyobaki ndani. Katika joto la hapa kwetu hakuna bidoni inayoweza kazi hiyo. Chungu cha Ulaya nacho tumekirudishia kazi: tunawekea chumvi, na kingali kinapendeza juu ya kabati kuliko siku za maua ya plastiki.

Tena binti yetu na wasichana wawili wa jirani huenda kwa mama mkubwa kila Jumamosi. Amewaonyesha mahali anapochimba udongo, ambapo alipajua peke yake. Mara ya kwanza walifanya vyungu vitano, na vitatu vikapasuka, kwa sababu waliharakisha kuvianika. Wakalia. Mama mkubwa akawapa kinu, akawaambia watwange vigae.

Ndugu wasomaji, hatusemi mtupe mabidoni, wala hatumcheki anayependa chombo kizuri cha mbali. Fundi mwema ni fundi mwema popote. Lakini kabla hujatafuta pambo la nyumba yako, zunguka kwanza nyuma ya nyumba, utazame kuku wako wanakunywa katika nini. Na kama aliyekifinyanga angali hai, mpelekee mtoto akajifunze mapema, mikono yake ingali na nguvu.